Anakuja Kama Nani?

Baba hapigi simu bila sababu. Kwake simu ni kitu cha mgonjwa, msiba au ng'ombe aliyepotea. Kwa hiyo alipopiga jioni moja ya Novemba, nikiwa jikoni kwenye hosteli ya wanafunzi hapa Leipzig, nilivuta kiti kwanza ndipo nikapokea.

"Mama yako ananiambia unakuja Krismasi na mtu."

"Ndiyo, baba."

"Mzungu."

"Ndiyo, baba. Mjerumani."

Kimya. Nikasikia mbwa wa jirani akibweka, Dongobesh nzima ikiwa imeshajifungia ndani kwa baridi.

"Sawa. Anakuja kama nani?"

Nikamwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Usiku ule ule tulifungua fomu ya viza ya Tanzania, mimi na yeye, kompyuta ikiwa juu ya mapaja yake. Jina, pasipoti, tarehe ya kufika. Halafu fomu nayo ikauliza anakwenda kufanya nini, na atafikia kwa nani. Nikafikiri: baba ameajiriwa Uhamiaji lini?

Niseme ukweli, nilikuwa na kinyongo kidogo. Mimi kuja kwao nilitakiwa kuonyesha zaidi ya euro 11,000 zilizofungiwa kwenye akaunti maalumu, niwe natoa kiasi fulani kila mwezi. Fedha hizo zilichangwa na watu wengi kuliko wanaonifahamu kwa sura. Yeye kuja kwetu ni dola 50, picha ndogo na nakala ya pasipoti. Anajaza amevaa soksi. Lakini kinyongo hakijazi fomu, na tulikuwa na kazi ya kuchagua.

Viza ya kawaida, ya kuingia mara moja, inampa mtu hadi siku 90. Ni ya matembezi, mapumziko, kuona ndugu na marafiki. Ya biashara ni dola 250, kwa anayekuja kwa shughuli maalumu ya muda mfupi. Kwa mtu anayekuja kula makande kwa mama yangu, jibu lilionekana wazi. Ningebonyeza pale pale kama baba asingepiga tena, mara ya pili ndani ya wiki moja, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Mama yako anasema huyo kijana anasoma hisabati."

"Ndiyo."

"Nimeshazungumza na mkuu wa sekondari yetu hapa. Hawana mwalimu wa hisabati kidato cha tatu. Atawasaidia."

"Baba, haruhusiwi. Viza yake ni ya matembezi."

"Kwani atalipwa?"

"Hata kama halipwi. Kujitolea nako kunataka kibali."

"Kwa hiyo atakuja, akae tu, ale?"

"Ndiyo, baba."

Alikata yeye safari hii.

Nililala na hasira. Niliona ananitia kwenye matatizo na serikali kwa sababu ya kutaka kujionyesha kijijini. Asubuhi, nikiwa kwenye tramu, ndipo akili ikafunguka: shule zinafungwa Desemba. Baba alishika chaki miaka thelathini na kitu. Hawezi kusahau likizo inaanza lini. Hakukuwa na mwanafunzi yeyote wa kidato cha tatu ambaye angekuwa darasani wiki ya Krismasi. Baba alikuwa anamtafutia mgeni wangu cheo. Watu wa kwetu wamezoea wazungu wenye sababu: tangu Wanorwe waanzishe hospitali ya Haydom mwaka 1955, mzungu barabarani ni daktari, nesi, mmisionari, au mtu wa mradi. "Mwalimu wa hisabati" lingekuwa jibu la kutosha kuwapa wazee kwenye kilabu cha pombe. Aliyekuja na binti yako, bila kazi yoyote, ni habari nyingine.

Kulikuwa na neno moja lililobaki, mchumba, na sote tulikuwa tunalizunguka kama jiko la moto. Mama ndiye aliyeligusa, kwa njia yake. Alinitumia ujumbe wa sauti kuhusu kuku, mvua na bei ya vitunguu saumu, halafu mwishoni kabisa, kana kwamba amekumbuka kitu: "Tiketi yenu nimeona ni ya siku 24. Notisi ya ndoa ni siku 21. Nasema tu."

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hivyo kweli. Mama hakosei kwenye mambo haya. Nami, badala ya kumjibu, nikafanya kile ambacho mwanafunzi wa uzamili hufanya akiogopa: nikasoma. Nikatoka kwenye viza nikaingia kwenye ukaazi, nikatoka kwenye ukaazi nikaingia kwenye uraia. Na huko nikakuta kitu ambacho nilikisikia zamani na sikuwahi kukiona kwa macho. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania ana kifungu chake. Ndoa yenyewe inampa njia ya kuomba uraia. Mwanamume wa kigeni aliyemwoa Mtanzania hana. Huyo ataanza mstarini kama mgeni mwingine yeyote, ahesabu miaka.

Binamu yangu wa Babati ameoa Mzambia. Tulicheza naye pamoja kwenye tope moja, tukachapwa kwa fimbo moja. Mkewe akitaka leo, kuna mlango wenye jina lake. Mwenzangu mimi angepita dirishani. Na nikigeuza, nikachukua uraia wa Kijerumani mimi, Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na asiye raia hana haki ya ardhi kama raia. Maana yake ni lile shamba la ngano la Basotu, upande wa Hanang, ambalo bibi amesema mara tatu mbele ya mashahidi kwamba ekari mbili ni zangu. Nilifunga kompyuta. Nilikuwa nimetafuta viza ya Krismasi, nikajikuta nagawa urithi.

"Kwa hiyo tuandike nini?" mwenzangu aliuliza.

Sikujua. Tulijaza ya kawaida, matembezi, na pale pa mwenyeji nikaandika jina la baba. Kisha nikampigia kumwomba barua ya mwaliko, tuwe nayo mkononi. Nilimwachia achague maneno mwenyewe.

Barua ilikuja kwa WhatsApp, imepigwa picha juu ya meza ya mtendaji wa kijiji, mhuri wa bluu umekaa upande. Mwandiko wa ubaoni, herufi zimesimama wima. Baba ameandika kwamba mtajwa ni "mgeni wangu", kwamba atalala nyumbani kwake, atakula nyumbani kwake, na kwamba jambo lolote litakalompata au atakalolifanya, aulizwe yeye. Nilitafuta jina langu kwenye barua ile. Halikuwemo.

Uwanja wa Kilimanjaro mhuri uligongwa bila maneno mengi, siku 90. Karatu, Mbulu mjini, Dongobesh. Baba alimpokea kwa mikono miwili, akamwonyesha ng'ombe mmoja mmoja, hakumuuliza lolote.

Siku ya nne tukashuka Basotu kwa bibi. Haoni vizuri siku hizi, lakini weupe aliuona.

"Huyu ni wa Haydom?" akaniuliza kwa Kiiraqw.

"Hapana, bibi. Si wa hospitali."

"Basi ni wa nani?"

"Nimekuja naye mimi."

Akatikisa kichwa taratibu, akaagiza kigoda kiletwe. Mwenzangu akakaa ukingoni, magoti juu, mikono haijui pa kwenda, macho kwangu. Bibi alimtazama hivyo kwa muda.

"Mwambie akae vizuri," akasema. "Mbona amekaa kama anayetaka kuondoka?"

Nikamtafsiria nusu ya kwanza tu.