Harusi chini ya mwembe: Kivuli kwanza, maua baadaye

Binti akisema hataki ukumbi, anataka harusi ya nje, nyumbani, chini ya mwembe, anayeguna wa kwanza huwa mama. Si kwamba haupendi mwembe wake. Anawawaza majirani. "Mwanangu, watasema tumeshindwa kulipia ukumbi."

Hofu hiyo ndiyo inayoharibu harusi nyingi za nje. Mama akishauonea haya uwanja wake, huanza kuuficha. Hukodi vitambaa vinavyong'aa, zulia jekundu, maua ya plastiki na viti vilivyovishwa nguo. Mwishowe uwanja unafanana na ukumbi, gharama ni zilezile na joto limeongezeka. Binti hakuomba ukumbi wa kuigiza. Aliomba kuolewa kwao.

Kwa mzazi aliyefika hapo, mapambo yaanze na swali moja: mgeni ataketi wapi saa tisa alasiri? Wakati huo jua liko magharibi na kivuli cha mti kimelala mashariki. Viti vya wazee, wajawazito na akina mama wenye watoto wachanga vipangwe upande huo, na turubai liongezwe pale tu kivuli kinapokwisha.

Mti nao ukaguliwe siku kadhaa kabla. Mwembe hupendwa na maji moto, na hakuna pambo litakalomtuliza shangazi wakishamwingia kwenye gauni. Chini ya mnazi asiketi mtu kabla nazi hazijaangushwa. Kwa wanaoishi Dar es Salaam na Pwani, tarehe kati ya Juni na Septemba huwaepusha na masika na vuli.

Mapambo yenyewe hayako mbali. Khanga zilizokaa makabatini kwa mama, bibi na shangazi zifungwe kwenye kamba ya katani kutoka tawi hadi tawi. Kila khanga ina jina lake, na wageni watazunguka wakisoma na kucheka kabla bibi harusi hajafika. Makuti mabichi yafunike nguzo za turubai. Vibuyu, vikapu na mitungi vipange njia ya kuingilia. Mikeka ya ukindu itandikwe kwa watoto, na kwa bibi ambao hata wakipewa kiti watashuka chini.

Maua ya langilangi na asumini yakichumwa asubuhi hupamba meza na kunukia. Lakini wachumaji waoneshwe olianda, ule mti mdogo wa uani wenye majani membamba marefu na maua ya pinki au meupe. Ni sumu kila sehemu yake, hivyo usiwekwe karibu na chakula wala mikononi mwa watoto.

Meza ya chakula haihitaji maua mengi. Kawa zilizosukwa kwa rangi zinatosha kuipamba, na hapohapo zinazuia nzi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili, kwa hiyo pilau libaki jikoni, la moto, hadi wageni wawe tayari kula. Mtungi wenye koki, sabuni na khanga safi za kufutia mikono uwe pambo la kwanza ambalo mgeni analiona akielekea mezani.

Ikikaribia saa moja jioni giza huingia, na hapo chemli hupendeza sana. Ziwekwe taa za betri ndani yake, kwa sababu makuti, magunia na khanga hushika moto haraka, na watoto wanakimbia huku na huku.

Kesho yake, kabla mitungi haijarudishwa kwa wenyewe, maji yote yamwagwe. Mbu anayeeneza homa ya dengi hutaga kwenye maji safi yaliyotuama, na huhitaji wiki moja hivi kutoka yai hadi kuruka. Homa hiyo iliisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019.

Liko jambo moja ambalo mama na binti walizungumze mapema, kabla kamati haijaanza kugawa kadi za michango: fedha ambayo ingelipa ukumbi iende wapi? Isipotajwa, italiwa na mapambo. Ikitajwa, inaweza kuwa kodi ya miezi ya mwanzo, kitanda na godoro, au bima ya afya ya maharusi, ambao pengine mwaka haujaisha watakuwa wanahesabu siku za kliniki. Majirani watasema, waache waseme. Mzazi asikope ili kuwanyamazisha, kwa sababu wao hawatakuwepo siku ya kulipa.