Duka la Magari Lageuka Nyumba ya Muziki

Ukifika mjini Bristol, Marekani, simama katikati ya State Street: mguu mmoja u Tennessee, mwingine Virginia. Hapo, mwaka 1927, Ralph Peer aliwarekodi Carter Family na Jimmie Rodgers ndani ya ghala la kofia. Wenyeji walipotaka makumbusho ya muziki wao, ghala hilo halikuwapo tena. Wakachagua jengo kuukuu la kuuzia magari, papo hapo mjini, wakafungua milango mwaka 2014.

Santuri za Rodgers zilifika hata kwetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba kwa jina la Chemirocha. Je, majengo ya River Road, zilikorekodiwa na kuuzwa santuri zetu, nani atayahifadhi? Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.