Kabla ya kuuza mbuzi ununue mashine

Ndugu msomaji, mavuno yanapoingia ghalani na senti chache zikapatikana, mkulima mdogo wa Ukambani hujiuliza swali lile lile kila mwaka: fedha hizi nizifanyie nini kabla hazijayeyuka? Mmoja atasema mabati, mwingine ataongeza ng'ombe. Lakini wengi wetu siku hizi huwaza mashine. Na maadamu mashine mpya ya dukani haishikiki kwa bei, tunageukia ile iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine: plau, pampu ya maji, mashine ya kukatia majani ya ng'ombe au injini ya kusagia unga.

Mimi sina ugomvi na mashine kuukuu. Nilizaliwa Kitui nikaolewa Makueni, na katika nyumba zote mbili nimelishwa na vyombo vilivyonunuliwa kwa watu. Plau ya marehemu baba yangu ilitoka kwa jirani aliyekuwa akihamia Shimba Hills. Plau hiyo ndiyo iliyotulipia karo, sisi watoto sita, na ilipomfikia kaka yangu ilikuwa bado inalima.

Ninalogombana nalo ni jinsi tunavyonunua. Tunauliza bei kwanza, mengine baadaye. Leo ningependa kukushawishi ugeuze mpango huo. Kabla ya bei, jiulize maswali mawili. Ni nani atakayeitumia mashine hii kila siku? Na ikiharibika, ni nani atakayeitengeneza, naye yuko umbali gani na shamba langu?

Msomaji wa Nyeri au Kakamega huenda asielewe kwa nini nasisitiza jambo hili. Huku kwetu tuna misimu miwili ya mvua, lakini misimu hiyo hailingani. Mvua ya Machi hadi Mei aghalabu hutudanganya. Tunayoitegemea ni ya Oktoba hadi Desemba, ambayo redioni huitwa mvua fupi ilhali kwetu ndiyo mvua yenyewe. Huweza kunyesha vizuri kwa wiki chache tu, kisha mbingu zikafunga. Ndiyo maana mahindi ya Katumani, yaliyotoka katika kituo cha utafiti kilicho karibu na Machakos, yalipendwa sana huku: hukomaa upesi. Lakini mbegu ya upesi itamfaa nini mtu ambaye plau yake imelala kwa fundi wiki mbili za mwanzo? Atapanda wenzake wakipalilia, na Januari atakwenda sokoni na gunia tupu. Hasara hiyo hailipwi na unafuu wa bei aliyonunulia.

Tuanze na swali la mtumiaji. Katika boma nyingi za Kitui na Makueni baba yuko Nairobi au Mombasa kutafuta riziki, na mama ndiye mwenye shamba. Lakini mashine huchaguliwa na nani? Huchaguliwa na yule aliye mjini, kwa kuwa ndiye aliyeiona na ndiye mwenye fedha.

Nina jirani mwenye kiunga cha nyanya na sukuma wiki kando ya mto. Mto wetu huwa mchanga mtupu karibu mwaka mzima, na maji huchimbwa humo humo mchangani. Mumewe alimtumia pampu kuukuu ya petroli, ikaja juu ya basi. Ilikuwa pampu nzima, wala hakuna aliyemdanganya. Tatizo ni kwamba ilikuwa kubwa mno. Kamba yake ya kuwashia ilimshinda mama huyo, na kuibeba kutoka nyumbani hadi mtoni kulihitaji watu wawili. Ikabidi amngoje mwanawe aje kutoka shule ya bweni, na nyanya hazingoji likizo. Hatimaye wakaiuza kwa hasara, wakanunua ndogo. Safari hii mama alikwenda mwenyewe, akaiwasha mara tatu mbele ya muuzaji kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kina baba mlioko mijini, nawasihi: msimnunulie mtu kiatu bila kuupima mguu wake. Atakayeitumia mashine ndiye aijaribu.

Swali la pili ni la fundi. Kuna sababu kwa nini mashine fulani zimedumu vijijini vizazi na vizazi. Plau nyingi utakazoziona huku zimefuata umbo la ile iliyoitwa Victory, ya kampuni ya Ransomes ya Ipswich, Uingereza. Kwa kuwa umbo ni moja, chuma cha mbele kinachokata udongo hupatikana katika maduka mengi ya sokoni, na fundi wa jua kali akikikosa anaweza kukufulia kingine. Hali ni hiyo hiyo kwa injini za dizeli za Lister, zilizosaga unga wa vijiji vingi. Kampuni hiyo ya Dursley, Uingereza, ilianza kuziunda zile zenye gurudumu kubwa kabla ya vita vikuu vya pili, kisha viwanda vya Rajkot, India, vikaziiga. Injini hiyo ni nzito na haina haraka. Huzunguka mara 600 au 650 kwa dakika, ilhali injini ndogo ya petroli huzunguka mara 3,000 na zaidi. Kisichokimbia hakichakai upesi, na kilichoigwa na wengi hakikosi vipuri.

Kwa hiyo, ukiona mashine ya kupendeza yenye jina usilowahi kulisikia, nenda kwanza kwa fundi wa soko lenu, awe wa Wote, Emali, Mwingi au Mutomo. Muulize: "Fundi, umewahi kuifungua hii? Vipuri vyake unavitoa wapi?" Akikuna kichwa, basi umepata jibu. Tena ni heri umlipe nauli mwende naye kwa muuzaji. Nauli ya fundi ni ndogo kuliko bei ya injini nyingine.

Sasa tuje kwenye ukaguzi. Wahenga wa sokoni hutuonya tusiuziwe mbuzi kwenye gunia. Plau haina siri nyingi. Simama nyuma yake utazame kile chuma kirefu kinachofungwa mnyororo wa ng'ombe. Kikiwa kimepinda, plau itavuta upande mmoja siku zote na kuwachosha ng'ombe na mshikaji. Kisha ligonge kwa nyundo bapa linalogeuza udongo, pamoja na vyuma vilivyolishikilia. Chuma kizima hulia kama kengele, na chenye ufa hutoa sauti butu. Angalia palipochomelewa, uulize palivunjika kwa nini. Tikisa gurudumu. Chuma cha mbele kikiwa kimelika usikimbie, kwani hicho ni cha kubadilishwa kama soli ya kiatu. Kiweke tu katika hesabu ya bei.

Injini inahitaji subira zaidi. Ukifika, iguse kabla ya salamu kwisha. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha kabla hujafika, na huenda haiwaki kirahisi ikiwa baridi. Omba ipoe, mnywe chai, kisha iwashwe upya ukitazama. Vuta kamba polepole: ikija laini bila kukupinga, injini imechoka ndani. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili nyeupe kama chai ya maziwa maana yake maji yameingia. Ikishawaka, tazama moshi. Moshi wa buluu husema injini inakunywa oili na ringi za pistoni zimekwisha. Mweusi husema mafuta yamezidi au chujio la hewa limeziba, jambo ambalo mara nyingi hurekebishwa kwa gharama ndogo. Usitosheke na dakika mbili. Iache ifanye kazi nusu saa, tena kazi ya kweli: pampu ivute maji, kinu kisage mahindi.

Kuhusu pampu nina jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Pampu inayokaa juu ya ardhi haina nguvu za kuvuta maji kutoka kina chochote upendacho. Ni uzito wa hewa unaoyasukuma maji yapande mpirani, na uzito huo una kikomo. Hata pampu mpya hufika mita saba hivi, na mahali palipoinuka kama Kitui mjini, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, hupungua. Kwa hiyo pima kisima chako kwa kamba kabla ya kuondoka nyumbani. Kikizidi mita sita kutoka mahali pampu itakapokaa hadi kwenye maji, pampu ya namna hiyo haikufai, hata ukipewa bure.

Na hapa, msomaji, nasema kwa uchungu: usiishushe kamwe injini ya petroli au dizeli ndani ya kisima ili iyakaribie maji. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo hujaa shimoni na kumlaza mtu kabla hajajua anaumwa. Anayeshuka kumwokoa naye hulala papo hapo. Hakuna shamba la nyanya linalostahili msiba wa namna hiyo. Vilevile, mashine ya kukatia majani isiyo na kifuniko cha mikanda na visu usiilete kwenye boma lenye watoto mpaka fundi akiweke.

Mkishaafikiana bei, andikeni. Andika jina la muuzaji, nambari ya kitambulisho chake, nambari iliyogongwa kwenye injini, tarehe na kiasi cha fedha, na mashahidi wawili watie sahihi. Pampu huibwa sana, na kwa sheria zetu mtu hawezi kukuuzia haki asiyokuwa nayo. Mwenye mali akitokea na ushahidi, utabaki na mpira wa maji mkononi, pengine na kesi juu yake. Ujue pia kwamba Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, haikulindi dhidi ya kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuifichua. Ukikagua, kagua kwelikweli.

Mwisho ni hesabu ya nyumbani. Ukiwa na fedha za mbuzi wanne, tafuta mashine ya mbuzi watatu. Yule wa nne ni wa oili, bolti, mikanda na fundi. Nimeona plau nyingi na pampu nyingi zikilala chini ya mwembe, kuku wakitagia humo, si kwa kuwa ni mbovu bali kwa kuwa mwenyewe alibakiwa na mfuko mtupu siku aliyonunua. Mkinunua kwa kikundi, kama tunavyosaidiana katika mwethya, kubalianeni mapema na kwa maandishi ni shamba la nani litakalolimwa kwanza mvua ikinyesha. Urafiki wa miaka 20 umewahi kuvunjika kwa siku tatu za Novemba.

Basi ikiwa mwaka huu una nia ya kununua, fanya safari zako Agosti au Septemba, wakati fundi ana nafasi na muuzaji hana wateja wengi. Keti na mwenzako wa nyumbani, mpime kisima, mwiteni fundi. Mbuzi huyo umemlea mwenyewe, na una haki ya kujua anabadilishwa na nini.