Matofali Tumeyaacha

Tuko Nakivale, Uganda.

Sisi ni vijana watano, Wakongo watatu na Warundi wawili, na tuna pikipiki moja ya kikundi. Tuliinunua ikiwa imetumika, kwa pesa za kuchangishana. Inabeba magunia ya mahindi, inabeba wagonjwa, na barabara za huku ni vumbi na mashimo. Kinachoharibika haraka ni shokapu za nyuma: mafuta yanavuja, bushi zinaisha, abiria anarukaruka kama yuko juu ya punda.

Stendi ya kati ilishakatika zamani. Kwa hiyo tulikuwa tunapanga matofali chini, tunainyanyua, tunafungua nati. Siku moja matofali yakateleza. Pikipiki ina zaidi ya kilo 100, na mwenzetu alikuwa ameingiza mkono chini. Kidole kimoja hakikupona. Na yeye ndiye fundi wetu.

Baada ya hapo wengine tulisema tuiuze. Wengine tukasema tuandike barua tuombe vifaa. Barua tukaandika, jibu bado. Mwenye kidole ndiye aliyetuamsha: "Barua iende, sawa. Lakini mimi kwenye matofali sirudi. Tutengeneze kitu."

Miti ndiyo ilikuwa shida. Kukata ovyo kunatugombanisha na wenyeji, na wana haki. Tukaenda kwa mzee mmoja jirani, tukampalilia migomba siku mbili, akatupa mikaratusi minne, minene kama mkono.

Tuliifanya hivi. Kila miti miwili, ya mita 2, tuliiunga juu kwa bolti ikawa kama herufi A. Chini tukapiga ubao ili miguu isitanuke. A moja inakaa kulia kwa pikipiki, nyingine kushoto, na juu yake linalala bomba la chuma. Ubao mwingine unaziunganisha nyuma ya tairi ili zisiyumbe. Kwenye bomba tulifunga kamba ya nailoni, kumbe inavutika, tairi likarudi chini polepole. Tukatafuta mkanda wa kiti cha gari kwenye vyuma chakavu. Huo umeshika.

Mkanda unapita chini ya fremu, si kwenye keria wala madigadi. Breki ya mbele tunaifunga kwa mpira wa tyubu, na tairi la mbele tunalizuia kwa mawe. Kuweka gia hakusaidii, maana tairi la nyuma liko hewani. Wawili wananyanyua, wa tatu anafunga. Kisha tofali moja chini ya tairi la nyuma, ili shokapu zikitoka lisidondoke. Hiyo ndiyo kazi pekee ya tofali siku hizi.

Vikundi vingine vinakuja kuazima. Hatutozi, ila kuna sharti: kabla mtu hajaingiza mkono, wawili waisukume pikipiki kulia na kushoto. Mwenzetu mwenyewe anasimama pembeni kuangalia. Hakuna anayembishia.

Ndugu zetu wa mashirika, barua yetu bado ipo, na jeki tukipata tutashukuru. Lakini mkifika, mwanzeni kwake, awaonyeshe tulichonacho.

Na ninyi mlioko Kakuma na Nyarugusu, pikipiki au hata baiskeli za mizigo mnazinyanyua na nini? Tuandikieni. Kama bado ni matofali, tafadhali acheni leo.