Nkambo anaamuka mara ngapi?

Mambo haya hatuyasemi mezani. Lakini yametokea nyumbani mwetu, na baba mwenyewe amenipa ruhusa kuyaandika.

Baba alichimba kobalti kule Shinkolobwe mpaka 2004, serikali ilipoondoa wachimbaji na kubomoa kijiji. Sifa ya mgodi ule mnaijua: sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu lililoanguka Hiroshima mwaka 1945 ilitoka kwetu. Basi muzee alipoanza kutoka inje usiku mara tano, mukojo ukija kidogo kidogo na kukatika, alijisemea moyoni kwamba majiwe yale yamemuingia. Akanyamaza miaka miwili. Hata mama hakumuambia. Alipunguza maji, akakaa na kiu katika joto la Oktoba.

Aliyevunja kimya ni mujukuu, maana yeye haogopi. "Nkambo anasimama sana ku choo, mukojo inakatala!" Tulicheka. Baba hakucheka.

Juma lile akanywa dawa ya mafua ya sokoni. Usiku mukojo ukafunga kabisa. Tumbo lilikaza kama ngoma, na mutu ambaye sijamuona akilia hata kwenye maziko, alilia. Tulimpeleka Likasi kwa pikipiki. Munganga akaingiza mupira mwembamba, ule wanaouita sonda, mukojo ukatoka zaidi ya lita moja.

"Muzee, hii njo miaka, hapana majiwe."

Chini ya kibofu kila mwanaume ana tezi ndogo, inazunguka njia ya mukojo. Tunapozeeka inakua na kubana ile njia. Mionzi ina hatari zake, lakini tezi hii inakua vilevile kwa mwalimu na kwa padri ambaye hajashika sururu. Kukua huko si kansere. Ila kansere ya tezi inaweza kuja na dalili zilezile, ndiyo sababu wakapima damu, tena kwa kidole, jambo lililomuogopesha baba kuliko sonda. Mukojo ukibaki ndani siku nyingi, mafigo yanaharibika. Na dawa nyingine za mafua zinakaza njia zaidi. Kumbe ndizo zilizomfunga.

Sasa anakunywa kidonge cha kulegeza njia kila siku. Kikishindwa, kuna upasuaji. Maji anakunywa muchana. Jioni anapunguza, na chai pia, ingawa kwa chai ananung'unika.

Jumapili baada ya Misa utamkuta chini ya muti na wazee wenzake, anauliza kwa sauti ya chini: "Ndugu, wewe unaamuka mara ngapi?"