Kijibwa cha Mpangaji

Sarufi ina ukatili wake: mbwa akiwa mdogo, lugha humvua ngeli ya A-WA, nasi tukasema kijibwa kinabweka. Hata hivyo, mpangaji wa Nairobi mwenye vyumba viwili humtaka huyo huyo. Humpima kwa jicho na kwa mfuko. Chihuahua, mwenye asili ya Meksiko, aghalabu hazidi kilo 3, na mlo wake ni haba. Ingawa chanjo ya kichaa cha mbwa haijali udogo. Kisichopimwa ni umri. Kiumbe huyo huweza kuishi zaidi ya miaka 14, ilhali mkataba wa nyumba huenda ukawa wa mwaka mmoja tu. Siku ya kuhama, godoro na sufuria hupakiwa kwanza.