Chuma Chini ya Dira

Tenke, kwetu Katanga, ndipo reli zinapoachana. Treni inayotoka Likasi ikifika pale, ama inashika njia ya magharibi kwenda Kolwezi na Dilolo, ama inapanda kaskazini kuelekea Kamina. Baba yangu alikuwa mtu wa kugeuza reli. Sisi watoto wa kambi tulijua mapema kwamba behewa likiingia njia isiyo yake, kulirudisha ni jasho la watu wengi.

Mwaka 1976 nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwaka uliotangulia, vita vya Angola vilikuwa vimefunga reli ya Benguela, ile iliyoungana na yetu mwaka 1931, na shaba haikuteremka tena Lobito. Upande wa Dilolo ukawa kimya. Katika ukimya huo mwalimu mmoja mzee, jirani yetu, alinifungulia sanduku la bati aliloachiwa na Mbelgiji aliyerudi kwao. Ndani mlikuwa na vitabu kama thelathini, vyote vya Kifaransa, vinanuka moshi wa makaa. Sharti lake lilikuwa moja: unachukua kitabu kimoja, na hukirudishi mpaka uweze kumsimulia chote kwa Kiswahili.

"Chagua," aliniambia.

Nilichagua kwa macho. Jaladani palikuwa na Mhindi Mwekundu mwenye unyoya kichwani: Le Dernier des Mohicans, cha Fenimore Cooper. Cooper alikitoa mwaka 1826, na wasomaji wake hawakuwa na haraka. Msitu unaelezwa mti kwa mti kabla bunduki haijalia. Kifaransa changu kilikuwa cha darasani. Kwa wiki tatu nilikwama pangoni, kwenye maporomoko, pamoja na Œil-de-Faucon, nisijue nani anapigana na nani wala kwa nini. Nilikirudisha nikitazama chini.

Mwalimu hakunigombeza. "Hiki utakirudilia, mwanangu. Ulianzia mbali mno na kwenu." Akanipa Un capitaine de quinze ans cha Jules Verne, cha mwaka 1878.

Asiyekisoma nimweleze kidogo. Dick Sand ni kijana wa meli ya kuwinda nyangumi. Nahodha na mabaharia wanakufa, naye anabaki kuiongoza meli kuelekea Amerika. Mpishi Negoro anaficha kipande cha chuma chini ya dira. Sindano inapinda, meli inapotea njia siku nyingi, na inapogonga mwamba abiria wanaamini wamefika Amerika Kusini. Wamefika Angola. Mwenyeji mwongo anawaingiza bara. Wanaona twiga, anawaambia ni mbuni. Wanaona nyayo za tembo, anatafuta uongo mwingine.

Mimi nilijua kabla ya Dick Sand! Sitasahau usiku ule, karibu na taa, moyo ukinidunda kwa sababu mtoto wa Tenke alikuwa mbele ya shujaa wa kitabu kwa kurasa nyingi. Nilitaka kumpigia kelele kwamba ile ni Afrika yetu, arudi. Nilikimaliza kwa siku sita.

Nilipomsimulia mwalimu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Huyu Verne alifika huku?" Sikujua. Akaniambia hakufika, alisoma safari za wengine, kama Cameron, aliyevuka bara kutoka Bagamoyo hadi pwani ya Benguela kati ya 1873 na 1875. "Sasa nenda kwa nkambo yako, umuulize misafara ya Angola."

Nkambo, mzazi wa mama yangu, alikuwa Msanga. Jioni ile, baada ya bukari, ugali wetu, alinipa majina ambayo Verne hakuwa nayo: Msiri wa Bunkeya, aliyeuza pembe na watu kwa wafanyabiashara wa Benguela akapata bunduki na baruti; Wasanga waliomwasi; na wazungu wa msafara wa Stairs, waliotoka Zanzibar, ambao mmoja wao, Bodson, alimpiga risasi Msiri tarehe 20 Desemba 1891. Katika kitabu watu wetu walikuwa minyororoni, au wafalme walevi. Kwa nkambo walikuwa na ukoo, ugomvi na akili. Nikaelewa kwamba hata mwandishi anaweza kuwa na chuma chini ya dira yake, pengine bila kujua.

Tangu hapo mpango ulikuwa wa mwalimu. Vitabu vya Bob Morane, vile vidogo vya Marabout, nilivila kama karanga. Kisha Jack London na mbwa wake Buck. Theluji sikuijua, lakini watu wanaoacha kila kitu kufuata madini ardhini niliwajua kwa sura. London mwenyewe alikwenda Klondike mwaka 1897, na hilo unalisikia katika kila ukurasa wenye njaa.

Halafu Winnetou cha Karl May. Kinaanza na wapima ardhi wanaotafuta njia ya reli katika nchi ya Waapache bila ruhusa yao. Nilikifunga nikamwendea baba: kabla ya reli yetu, hapa palikuwa pa nani? Baba alinyamaza, akapangusa mikono yake yenye grisi. "Uliza nkambo yako," akasema.

Nikiwa na miaka kumi na sita nilirudi kwa Cooper. Safari hii pango halikunizuia, na Uncas alipokufa nililia. Ukubwani nilijua kwamba Wamohikani wapo hadi leo, wana taifa lao Wisconsin. Neno "wa mwisho" lilikuwa chuma jaladani.

Siku hizi malori ya migodi yanatimua vumbi Tenke usiku na mchana, na mjukuu wangu ana umri niliokuwa nao wakati ule. Nilimwekea vitabu vitatu mkekani, Cooper nikamficha. Alichukua cha London, kwa ajili ya mbwa. Sharti ni lile lile. Tangu Jumapili amekwama penye kile chombo ambacho Buck anakivuta juu ya theluji, na tunatafutana neno, yeye na mimi. Kwa sasa tunakiita behewa lisilo na magurudumu.